Deki zimezimika, Wakaliga bado inapiga picha

Kampala. Teksi za kwenda Nateete, hizi ambazo Dar es Salaam zingeitwa daladala, huondoka katikati ya mji zikiwa zimejaa. Hupita pembeni ya kilima cha Lubaga, kilichobeba kanisa kuu la Wakatoliki lenye minara miwili, kisha huteremka kuelekea magharibi. Huko chini bondeni ndiko iliko Wakaliga.

Kwa anayepita haraka, Wakaliga ni mtaa kama mingine ya walalahoi. Barabara ni ya vumbi jekundu, na mvua kubwa ikinyesha, maji ya mifereji hayachagui mlango wa kuingilia. Kuna bodaboda, kuku, kamba za nguo, na kina mama wanaomenya matoke vibarazani. Lakini siku ya kupiga picha, mtaa hubadilika. Watu wenye bunduki hukimbizana kati ya nyumba, mmoja huanguka kifuani akichuruzika damu, na watoto wanaotazama hucheka na kupiga makofi. Bunduki ni za vyuma chakavu na mbao. Damu ni rangi ya chakula.

Hapa ndipo nyumbani kwa Ramon Film Productions, kampuni ambayo dunia inaifahamu zaidi kwa jina la utani la Wakaliwood. Mwenyewe ni Isaac Nabwana, aliyekuwa mfyatua matofali kabla ya kushika kamera. Aliianzisha mwaka 2005, na jina Ramon aliliunga kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Mkewe, Harriet, ndiye msimamizi wa kazi. Ni kampuni ya familia kwa kila maana.

Kuelewa jinsi mtaa huu ulivyozaa filamu zinazotazamwa hadi Marekani na Ujerumani, inabidi kurudi nyuma, kwenye kitu ambacho vijana wengi wa leo hawajawahi kukishika mkononi: mkanda wa video.

Mkanda ulipoingia mtaani

Miaka ya 1950 na 1960, Kampala ilikuwa na majumba ya sinema kama ilivyokuwa kwa Nairobi, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Mengi yalimilikiwa na wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na biashara ya sinema ikayumba. Miaka ya vita iliyofuata haikuwa miaka ya mtu kutoka nyumbani usiku kwenda kuangalia picha.

Wakati huohuo, Japani kulikuwa kumetokea jambo. Mwaka 1976 kampuni ya JVC ilitoa mfumo wa mkanda unaoitwa VHS. Kwa mfumo huo, mtu wa kawaida angeweza kununua filamu, kuikodi, au kuirekodi na kuitazama nyumbani muda anaotaka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, deki za video zilikuwa zimeenea Afrika Mashariki. Aliyekuwa nayo hakuwa tajiri tu, alikuwa na sinema nzima sebuleni.

Na palipo na deki moja na majirani 50, biashara huzaliwa yenyewe. Mwenye televisheni aliweka mabenchi, akaziba madirisha kwa magunia ili mwanga usiingie, akasimamisha kijana mlangoni wa kupokea sarafu. Kwetu Tanzania pakaitwa kibanda umiza, na aliyewahi kukaa humo saa tatu, amebanwa katikati ya watu wazima, jasho likimtiririka, anajua jina hilo lilitoka wapi. Waganda nao wakalichukua neno la Kiswahili na kulivika nguo ya Kiganda: kibanda, na vikiwa vingi, bibanda.

Wazazi wengi hawakuvipenda vibanda hivyo, na walikuwa na sababu. Watoto walitoroka shule kwenda huko. Hewa ilikuwa nzito, na aliyekohoa aliwakoholea wote. Lakini humohumo ndimo kizazi kizima kilimokutana na Bruce Lee, Chuck Norris na Bud Spencer.

Sauti ndani ya kibanda

Mikanda iliyofika vibandani mara nyingi ilikuwa nakala ya nakala. Rangi zilikuwa zimevujiana, chenga zilipita juu ya uso wa stelingi, na sauti ilikuwa kama inatoka ndani ya mtungi. Hata ingesikika vizuri, ilikuwa Kiingereza, Kihindi au Kichina.

Ndipo alipopatikana mtu wa kukaa kando ya televisheni akiwa na kipaza sauti. Kampala walimwita VJ. Kazi yake haikuwa kutafsiri tu. Alieleza nani ni adui na kwa nini, aliwapa waigizaji majina ya mtaani, alitania, alionya, na pale filamu ilipopooza yeye aliichangamsha. Asili ya kazi hiyo ni ya zamani kuliko deki. Wakati wa ukoloni, magari ya sinema ya serikali yalipozunguka vijijini na filamu za kilimo na usafi, alikuwapo mkalimani wa kuzisimulia kwa lugha ya wenyeji.

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa zaidi. Nao walikuwa na Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilirekodiwa juu ya filamu za nje na kusambaa mikoani kwa mikanda. Wapo waliokuwa wakienda dukani kuulizia mkanda wa Lufufu kwanza, jina la filamu baadaye.

Nabwana mwenyewe alipokuwa mtoto hakuziona filamu hizo moja kwa moja. Kaka yake mkubwa ndiye aliyekwenda kuzitazama, akarudi nyumbani na kumsimulia pigo kwa pigo. Mtoto akajenga filamu kichwani kwa maneno ya kaka. Ukizitazama kazi zake leo, jambo hilo linaonekana: ni filamu za mtu aliyejifunza sinema kwa kusimuliwa.

Stelingi aliyekufa

Kila aliyekulia kibandani anaijua kanuni moja: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni, lakini mwisho atashinda.

Mwaka 2010 Wakaliga iliivunja kanuni hiyo. Filamu yao iitwayo Who Killed Captain Alex inamhusu kapteni wa jeshi anayetumwa kulisambaratisha genge la wahalifu. Kabla filamu haijafika mbali, kapteni anakutwa amekufa. Ndugu yake, bingwa wa kung fu, anakuja kutafuta aliyemuua. Mapigano yanaanza, helikopta zilizotengenezwa kwa kompyuta zinapaa juu ya Kampala, majengo yanalipuka, na filamu inakwisha bila swali la kwenye jina lake kujibiwa. Nani alimuua Kapteni Alex? Hadi leo hakuna anayejua.

Ilitangazwa kuwa filamu hiyo iligharimu chini ya dola 200 za Marekani. Waigizaji walikuwa watu wa mtaani, na hawakulipwa mshahara. Malipo yao yalitoka kwenye mauzo: filamu ikishakamilika, waliibeba kwenye diski, wakapita nyumba kwa nyumba kuiuza, kisha wakagawana kilichopatikana. Ilibidi wakimbie, kwa sababu baada ya siku chache wachakachuaji wangekuwa wamekwishatoa nakala zao na kuziuza kwa bei ya chini.

Ufundi wao ni wa kutumia kilichopo. Kitambaa cha kijani cha sokoni huwa pazia la kuwekea mandhari ya kompyuta. Kondomu zinazogawiwa bure hujazwa rangi nyekundu, zikafichwa chini ya shati na kupasuliwa kwa uzi mwigizaji anapopigwa risasi.

Zamani hazikujazwa rangi. Zilijazwa damu halisi ya ng'ombe kutoka machinjioni, hadi mmoja wa waigizaji alipougua brusela. Ugonjwa huu hutoka kwa mifugo. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kugusa damu na majimaji ya mnyama mwenye vimelea, hasa vikiingia mdomoni, machoni au kwenye mchubuko. Huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na uchovu, dalili ambazo wengi huzidhania malaria na kuzitibu hivyo kwa wiki kadhaa. Hutibika kwa antibiotiki, lakini dawa lazima zimalizwe. Tangu hapo Wakaliga hutumia rangi ya chakula.

Filamu iliyofutwa na mwenyewe

Sasa tufike kwenye jambo linalouma.

Nabwana alihariri filamu zake kwenye kompyuta alizoziunga mwenyewe kwa vipuri vya hapa na pale. Nafasi ya kuhifadhi ilikuwa ndogo, na umeme ulikatika bila taarifa. Filamu moja ikikamilika na kuandikwa kwenye diski, ilibidi ifutwe ili nyingine ipate pa kukaa. Vifaa vya zamani navyo vilikufa na kutupwa pamoja na vilivyokuwamo. Kwa njia hiyo nakala mama ya Who Killed Captain Alex ilitoweka. Kilichobaki ni nakala ya diski, yenye ubora wa chini, ambayo juu yake imo sauti ya VJ Emmie akitania na kushangilia kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Filamu yenyewe, ile isiyo na sauti ya mtu juu yake, haipo tena popote.

Na bado, hiyo nakala mbovu ndiyo iliyoipeleka Wakaliga duniani. Kipande chake kifupi kiliwekwa YouTube mwaka 2010 na kikasambaa. Mwaka uliofuata, Mmarekani Alan Hofmanis, mkazi wa New York aliyekuwa akifanya kazi za matamasha ya filamu, alikiona, akapanda ndege hadi Kampala kumtafuta aliyekitengeneza, na baadaye akahamia Wakaliga. Mwaka 2015 waliomba mchango mtandaoni wa dola 160 tu kwa ajili ya filamu mpya. Walipata zaidi ya dola 13,000. Mwaka huohuo Kapteni Alex aliwekwa YouTube mzima, bure, na mamilioni wakamtazama.

Mwaka uliofuata walitoa Bad Black, ambamo Hofmanis anaigiza kama daktari mpole anayefundishwa ukomando na mtoto wa mtaani. Ilipendwa na watazamaji wa tamasha la Fantastic Fest huko Texas. Mwaka 2022 kazi za Wakaliga zilionyeshwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta.

Wanaozitazama huko si wengi kama watazamaji wa filamu za Hollywood. Lakini hawatosheki na kutazama mara moja. Wanakariri maneno ya VJ, wanakutana usiku wa manane kuzirudia, wanavaa fulana zake. Kila nchi ina filamu za namna hiyo, zilizoshindwa sokoni au ambazo hazikufika sokoni kabisa, zikaokolewa na watu wachache wanaozishika kama kabila linavyoshika mila.

Nchi nyingine, kilio kilekile

Kwa karibu miaka 30, makao ya filamu za namna hiyo yalikuwa kwenye maduka ya kukodisha mikanda. Filamu ya bei rahisi ambayo hakuna jumba la sinema lingeithubutu ilipata nafasi kwenye rafu, na kijana aliyevutiwa na picha ya jalada aliibeba nyumbani, kisha akamwambia mwenzake.

Ilipokuja diski, kampuni zilihamisha filamu zenye faida. Zilizobaki ziliachwa kwenye mkanda. Ilipokuja intaneti, hadithi ikajirudia. Mwaka 2006 ndipo studio kubwa za Hollywood zilipoacha kutoa filamu kwa VHS. Julai 2016, kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki hizo, ilisimamisha uzalishaji. Tangu hapo kila deki inayokufa duniani haina mrithi.

New York kulikuwa na duka maarufu la Kim's Video, lililoanzishwa na Yongman Kim, mhamiaji kutoka Korea ambaye alianza kwa kukodisha mikanda ndani ya biashara yake ya udobi. Liliposhindwa kuendelea, mkusanyiko wake wa filamu zipatazo 55,000 ulipelekwa mwaka 2009 katika mji mdogo wa Salemi, Sicily, kwa ahadi kwamba watu wangeendelea kuutazama. Ahadi haikutimia, na filamu zilikaa stoo kwa miaka mingi. Ni mwaka 2022 tu ambapo sehemu ya mkusanyiko huo ilirudi kukodishwa New York. Chuo Kikuu cha Yale nacho, mwaka 2015, kilinunua mikanda ipatayo 2,700, mingi ikiwa filamu za kutisha za bei rahisi, na kuiweka maktaba pamoja na vitabu. Kile kilichodharauliwa kama takataka kimekuwa hati ya historia.

Tofauti ni kwamba New York na Yale zina pa kuhifadhia. Wakaliga ilikuwa na kompyuta moja iliyojaa.

Kabati la nyumbani

Siku hizi bibanda vingi vya Kampala vinaishi kwa mechi za ligi ya Uingereza. Filamu zilizotafsiriwa hubebwa kwenye flashi na simu, na VJ hurekodi chumbani kwake badala ya kukaa mbele ya watu. Watoto wa Wakaliga nao wamepata nafasi: wapo wanaojifunza kung fu na uigizaji pale pale uani, wakingoja zamu yao ya kumpiga adui.

Lakini swali la Wakaliga ni swali la kila familia. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kuna kabati, na ndani yake kuna mikanda yenye maandishi ya kalamu yaliyoanza kufifia: harusi ya baba na mama, ubarikio, maulidi, msiba wa babu. Filamu ya Wakaliga angalau ilisambaa kwa diski za mtaani. Mkanda wa harusi uko mmoja.

Mkanda wa VHS hubeba picha kwa chembe za sumaku zilizogandishwa juu ya plastiki kwa gundi. Joto na unyevu, vitu ambavyo pwani yetu inavyo tele, hulegeza gundi hiyo na kukaribisha ukungu. Wataalamu hukadiria kuwa mkanda huanza kuchoka kati ya miaka 10 na 25, na mikanda mingi ya majumbani imeshavuka umri huo. UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha walitoa tahadhari wakitaja mwaka 2025 kama ukomo, kwamba baada yake kuihamisha mikanda kutakuwa kugumu na ghali kwa sababu mashine, vipuri na mafundi vinakwisha.

Kwa hiyo, msomaji, kama una mkanda wa aina hiyo, usisubiri. Ukague kwanza kupitia kidirisha chake. Ukiona utando mweupe kama unga, huo ni ukungu. Usiupulize kwa mdomo wala kuufuta karibu na watoto au mtu mwenye pumu, kwa kuwa vumbi lake huamsha kikohozi na kubana kifua. Vaa barakoa, uweke kwenye mfuko wake peke yake, na usiutie kwenye deki, kwani utachafua kichwa cha deki na kuambukiza mikanda mingine. Mpelekee fundi. Mkanda mzima uhifadhi umesimama kama kitabu, mahali pakavu, mbali na jua na spika kubwa. Na ukishauhamishia kwenye kompyuta, weka nakala mbili katika sehemu mbili tofauti, ikiwezekana moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Bila shaka siku mtakapoutazama, mzee mmoja ndani ya nyumba ataanza kusema juu ya picha. Yule ni shangazi yako kabla hajanenepa. Huyu mwenye suti aliikopa. Hapa mvua ilikuwa inakaribia. Msimnyamazishe. Washa simu, mrekodi naye. Kule Wakaliga, sauti ya juu ya filamu ndiyo iliyosalia.